Mwimbaji wa jazz anapouacha wimbo: nani anamfuata nani jukwaani?

Vipande vya video za waimbaji wa zamani wa jazz vinazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp siku hizi, na Tabora havijatupita. Mama wa Kimarekani aliyevaa gauni refu anaanza wimbo vizuri, maneno yanasikika, kila kitu kipo mahali pake. Dakika moja baadaye anaingia kwenye "shubidubi-dabi-du", mpiga piano anatabasamu, ukumbi unapiga makofi. Vurugu inaanza chini ya video. Mmoja anaandika: kasahau maneno huyo. Wa pili anamjibu kwamba huo ndio ufundi wenyewe, wanaimba chochote kinachowajia kichwani. Wa tatu, mara nyingi mzee wa Isevya au Ng'ambo aliyecheza dansi enzi zake, anauliza: hii nayo ni jazz? Mbona Tabora Jazz hawakuwa hivi?

Wote watatu wana kipande cha ukweli, na wote watatu hawakuwatazama wale wanaopiga vyombo. Macho yanakwenda kwa mwimbaji kwa sababu ndiye mwenye maikrofoni. Lakini ubunifu wa papo kwa papo, yaani kutunga muziki palepale jukwaani huku unaupiga, si kazi anayoweza kuifanya peke yake mbele ya bendi. Kila anapoondoka kwenye wimbo, kuna mtu nyuma yake ambaye hakuondoka. Ukishamjua huyo ni nani na anafanya nini, hizo "shubidubi" zinaanza kueleweka.

Jazz ipi?

Tuanze na mzee, maana swali lake ni la haki. Mji huu umekuwa na bendi zenye jina hilo: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids Jazz. Kigoma walikuwa na Lake Tanganyika Jazz, alikopitia Shem Karenga kabla ya kuja kuimba na Tabora Jazz. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa sababu chimbuko lake lilikuwa watu wa huku magharibi. Hizo zilikuwa bendi za dansi. Zilipiga rumba yenye asili ya Kuba, iliyotufikia kwenye santuri na kupitia wanamuziki wa Kongo, zikatia na midundo ya nyumbani. Jazz kwenye majina yao ilimaanisha bendi ya kisasa, yenye magitaa na tarumbeta, ya kuchezesha watu.

Jazz ya kwenye hizo video ni muziki wa Wamarekani weusi uliokulia New Orleans, ukaingia kwenye santuri kwa mara ya kwanza mwaka 1917. Ndani yake kuigiza wimbo kama ulivyoandikwa hakuhesabiwi kuwa ni kuumaliza. Mpigaji anatarajiwa aseme la kwake juu ya wimbo ambao wote wanaujua. Hapo ndipo inapoachana na dansi letu, ingawa, kama tutakavyoona, si mbali sana.

Maneno machache tuyaweke sawa kabla ya kuendelea. Pigo ni pale unapogonga mguu chini. Kipimo ni fungu la mapigo, na kwenye jazz mara nyingi ni manne: moja, mbili, tatu, nne, kisha unarudi moja. Kodi, kama wapiga gitaa wanavyoiita, ni sauti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Ki ni mahali ambapo wimbo unajisikia uko nyumbani. Ukipandisha ki, wimbo wote unapanda. Na raundi nitaiita safari moja nzima ya wimbo kutoka kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Nyimbo za jazz huenda raundi baada ya raundi juu ya mpangilio uleule wa kodi, na jambo hilo moja ndilo linalowezesha mengine yote.

Vipimo kumi na viwili vya treni ya Kigoma

Mpangilio rahisi kuliko yote ni ule wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi ulio mzazi wa jazz, wenye vipimo 12. Mistari ni mitatu, kila mmoja vipimo vinne. Wa kwanza unasemwa, wa pili unaurudia, wa tatu unajibu. Ngoja nitunge wa kwetu ili tusiazime:

Treni ya Kigoma imeondoka, mpenzi wangu simuoni,
Nasema treni ya Kigoma imeondoka, mpenzi wangu simuoni,
Taa za stesheni wamezima, nimebaki na begi mkononi.

Upige polepole, mapigo 60 kwa dakika. Mstari mmoja una vipimo vinne, yaani mapigo 16, yaani sekunde 16. Sasa jaribu kuyaimba maneno ya mstari wa kwanza bila kuyavuta. Utaona yanakwisha kwenye sekunde ya nane au ya tisa. Zimebaki saba hivi ambazo mwimbaji hana la kusema. Hazijabaki kwa bahati mbaya. Wimbo umetungwa hivyo ili chombo kijibu, na anayejibu anaweza kuwa gitaa, piano au saksafoni. Ukikutana na wimbo wa bluzi ambao mwimbaji amejaza maneno kuanzia pigo la kwanza hadi la kumi na sita kwenye kila mstari, ujue mtunzi wake hakupanga kuongea na mtu.

Chini ya maneno kuna kodi tatu tu. Mstari wa kwanza unakaa nyumbani. Mstari wa pili unaanza kwenye kodi nyingine, kisha unarudi nyumbani katikati. Wa tatu unaanza kwenye kodi ya tatu, yenye kuvuta zaidi, na kurudi nyumbani mwishoni. Kwa hiyo mwimbaji anapourudia mstari wa kwanza neno kwa neno, hata kwa sauti zilezile, haurudii kwa kweli: ardhi chini yake imesogea. "Simuoni" ya kwanza ilikuwa taarifa. Ya pili, juu ya ile kodi nyingine, inaanza kuuma. Kazi hiyo imefanywa na piano na besi, na msikilizaji anampa sifa mwimbaji.

Raundi ya pili ndipo anapoanza kuuchezea. Anaweza kulichelewesha neno "treni" kwa pigo moja. Anaweza kulivuta "Kigoma" mpaka karibu na pumzi kumwisha, kisha akalisema "imeondoka" haraka kama mtu aliyelikumbuka ghafla. Sasa "simuoni" imesogea mbele na kuingia kwenye zile sekunde saba za gitaa. Mpiga gitaa aliyekuwa ameandaa jibu refu analikata hapohapo; anapiga sauti tatu nne, basi. Labda zile sauti tatu nne ameziokota kwenye namna mwimbaji alivyoshuka kwenye "simuoni". Mwimbaji akizisikia, na mwimbaji mzuri huzisikia, ataanza mstari wa tatu kwa mshuko uleule: "taa za stesheni..." Hakuna aliyepanga. Ukiurudia wimbo kesho usiku hautakuwa hivyo.

Kuna ambayo hawezi. Hawezi kuongeza kipimo cha 13 kwa sababu hisia zimempanda, wala kuingia mstari wa tatu wakati wenzake wako wa pili. Anaweza kugusa sauti inayogombana na kodi iliyo chini, na wakali wanafanya hivyo makusudi, ila awe anaijua njia ya kutokea. Zamani kulikuwa na watu wa bluzi waliorefusha na kufupisha mistari walivyojisikia. John Lee Hooker ni mmoja wao. Lakini walifanya hivyo wakiwa peke yao na gitaa lao. Ukiwa mwenyewe, kipimo kinaisha pale unapotaka kiishe. Mkiwa wanne, kipimo ni cha wote.

Mpangilio mwingine ulio maarufu ni wa vipimo 32: mafungu manne ya vipimo vinane, la kwanza, la pili na la nne yakifanana, la tatu likienda pengine kwa muda. Nyimbo nyingi za maonyesho ya jukwaani na filamu za Kimarekani za miaka ya 1920 hadi 1940 zimejengwa hivyo, na wanajazz wakazigeuza kuwa akiba ya pamoja. Ukishaufahamu wa vipimo 12 kwa masikio, wa 32 hautakusumbua. Ni mrefu zaidi tu.

Sekunde ishirini kabla ya kuanza

Akiba hiyo ya pamoja ndiyo inayoleta kisa ambacho watu hukisimulia kama muujiza: mwimbaji anashuka kwenye mji asiomjua mtu, anapanda jukwaani na wapigaji wageni, na baada ya sekunde 20 wimbo unaanza kama vile wameishi pamoja. Anachowaambia ni mambo machache. Jina la wimbo, nao wanaufahamu kwa kichwa. Ki, maana kila sauti ya mtu ina urefu wake, na ki inayomfaa mpiga tarumbeta inaweza kumnyonga mwimbaji. Kasi, ambayo haielezwi kwa maneno: anagonganisha vidole, kawaida kwenye pigo la pili na la nne, nao wanaichukua. Mwisho, namna ya kuanza. Mara nyingi piano hupiga vipimo vinne au vinane vya mwisho vya wimbo, kila mtu akajua sauti inaingia wapi.

Mengine yanasemwa kwa mikono wimbo ukiwa unaendelea. Kugusa utosi ni kusema turudi mwanzo wa wimbo. Vidole vinne hewani: tupokezane vipimo vinne vinne, mimi vinne, wewe vinne. Ngumi iliyofungwa: tunamaliza. Kuna na desturi ya kumalizia ambayo haihitaji hata ishara, ya kuurudia mstari wa mwisho mara tatu kabla ya kufunga. Mwimbaji akiurudia mara ya pili tu, bendi nzima imeshaelewa.

Kwa hiyo anayesema hawa watu hawafanyi mazoezi anachanganya mambo mawili. Hawakufanya mazoezi ya onyesho hili pamoja, pengine. Ila kila mmoja ana mamia ya nyimbo kichwani na miaka ya kuzipiga katika ki tofauti. Na si kila jazz ni ya papo kwa papo kwa kiwango kimoja. Ella Fitzgerald alipoimba na bendi kubwa ya Count Basie, yenye safu nzima za tarumbeta, tromboni na saksafoni, sehemu za wapulizaji ziliandikwa kwenye karatasi, kwa sababu watu wengi hivyo wakitunga kila mmoja lake kwa wakati mmoja ni kelele. Uhuru mkubwa zaidi uko kwenye kikundi kidogo: mwimbaji, piano, besi, drams, labda na gitaa.

Kazi ya kusema "enhe"

Mpiga piano hapo anafanya nini hasa? Fikiria mtu anayesimulia kisa barazani. Msimulizi ni mmoja, lakini yupo msikilizaji mmoja ambaye bila yeye kisa hakisogei. Ndiye anayetia "enhe", "ikawaje?", "sema kweli!" Akiitia mapema, amemkata msimulizi. Akichelewa, msimulizi anadhani hasikilizwi. Akiitia kila baada ya neno, kisa kinageuka kuwa chake. Na akijua kuweka "ehee!" moja kali pale msimulizi alipokuwa anasitasita, anaweza kumfanya aongeze jambo ambalo hakukusudia kulisema.

Kodi za piano nyuma ya mwimbaji ni hizo "enhe". Hazipigwi mfululizo kwa mpangilio mmoja. Zinadondoshwa, moja hapa, mbili pale, kwenye nafasi anayoiacha mwimbaji. Mpiga piano anachagua pia rangi ya kodi: ileile inayotarajiwa, au iliyoongezwa sauti moja ya kuichachusha, na mwimbaji akiisikia rangi mpya anaweza kwenda asikokusudia. Kosa ambalo mimi huliona baya kuliko yote ni piano kupiga sauti zilezile anazoimba mwimbaji, neno kwa neno, kwa nia njema ya kumsaidia. Kwaya ya wanafunzi inaweza kuhitaji msaada huo. Mwimbaji wa jazz unamfunga miguu, kwa sababu sasa hawezi kuchelewa wala kuwahi bila kusikika amekosea.

Ndiyo maana kusindikiza waimbaji hakukuwa kazi ya walioshindwa kupiga mbele. Tommy Flanagan, aliyekuwamo kwenye rekodi za wapiga saksafoni Sonny Rollins na John Coltrane zinazosomwa mpaka leo na kila mwanafunzi wa jazz, alitumia miaka mingi ya miongo ya 1960 na 1970 akimsindikiza Ella Fitzgerald. Kwa upande mwingine, waimbaji kadhaa wakubwa walikuwa wapiga piano wenyewe. Sarah Vaughan alipoingia kwenye bendi ya Earl Hines mwaka 1943, aliingia kama mwimbaji na mpiga piano wa pili. Alipokuwa akipeleka sauti mahali pasipotarajiwa, alikuwa anajua ni kodi gani iko chini ya miguu yake.

Mwimbaji akichelewa, bendi isichelewe

Tumefika kwenye jambo ambalo ni gumu kuliko "shubidubi" na halionekani kwenye video.

Waimbaji wengi wa jazz huchelewesha maneno nyuma ya mapigo. Billie Holiday ndiye mfano unaotajwa zaidi, naye hakuwa mtu wa kuimba silabi zisizo na maana. Aliimba maneno ya wimbo. Alichokibadilisha ni lini lisemwe, na sauti za wimbo alizipunguza, akazibana kwenye chache alizozitaka, mpaka wimbo wa kawaida ukawa wake. Huo nao ni ubunifu wa papo kwa papo, tena pengine mgumu zaidi kwa sababu hauna cha kujifichia. Kwa hiyo dhana kwamba kuimba jazz kwa ubunifu ni lazima uingie kwenye "dubi-dubi" tuiweke kando.

Mwimbaji anapochelewa hivyo, mpiga drams na mpiga besi wageni kwenye kazi hii hufanya jambo la kibinadamu kabisa: wanamsubiri. Wanapunguza kasi kidogo ili awafikie. Naye akisikia wamepunguza, anachelewa zaidi, maana alitaka kuwa nyuma yao. Raundi mbili baadaye wimbo umelala. Kuchelewa kunasikika kuwa kuchelewa pale tu ambapo kuna kitu kingine kinachokwenda kwa wakati. Besi inapaswa kutembea, sauti moja kwa kila pigo, bila huruma. Drams, mara nyingi kwa brashi badala ya fimbo ili maneno yasizamishwe, ishike palepale. Mwimbaji analegea kwa sababu wao hawalegei.

Halafu kuna sehemu ambapo sheria inageuka juu chini. Mwimbaji anaweza kuufungua wimbo bila kasi yoyote, akiongea na kuimba, na hapo ni piano pekee inayomfuata, kodi ikisubiri neno. Besi na drams zinakaa kimya. Ukiwatazama vizuri utaona mpiga piano haangalii vidole vyake. Anaangalia mabega ya mwimbaji, kwa sababu mabega ndiyo yanayopanda kabla ya pumzi, na pumzi ndiyo inayotangulia neno. Kisha kasi inaingia, kila mtu anashika nafasi yake, na kuanzia hapo hakuna kusubiriana tena.

Ukitaka kuona yote haya kwenye dakika chache, tafuta kipindi cha televisheni ya CBS ya Marekani cha Desemba 1957, Billie Holiday akiimba "Fine and Mellow". Ni bluzi ya vipimo 12, polepole, jamaa wa treni ya Kigoma kabisa, kwa hiyo unaweza kuihesabu kwa vidole. Kati ya beti, wapulizaji wanapokezana raundi. Anasimama Lester Young na saksafoni yake, rafiki yake wa zamani, anapuliza raundi moja tu, sauti chache mno, nafasi nyingi. Kamera inamwonyesha Billie akimsikiliza, kichwa kikikubali polepole. Anaporudi kuimba, haimbi kama alivyoanza. Wote wawili walifariki mwaka 1959, miezi minne ikiwatenganisha.

Zile "shubidubi"

Sasa tunaweza kuzisikia. Uimbaji wa silabi zisizo maneno unaitwa skati. Wengi wameambiwa ulizaliwa mwaka 1926 Chicago, Louis Armstrong alipodondosha karatasi ya maneno katikati ya kurekodi "Heebie Jeebies" na kuamua kuendelea kwa silabi. Ni hadithi tamu na yeye mwenyewe aliipenda, lakini kuna santuri za kabla ya hapo zenye uimbaji wa namna hiyo. Alichofanya Armstrong ni kuufanya upendwe, akiimba kama alivyopuliza tarumbeta.

Silabi hazichaguliwi ovyo. "D" na "b" zinaikata sauti kwa ukali, kama ulimi unavyofanya kwenye mdomo wa tarumbeta. "U" inabana, "a" inafungua. Mwimbaji amejigeuza chombo ili aweze kupokezana na vyombo. Wakipokezana vipimo vinne vinne na drams, sikiliza kama drams inarudisha mdundo uleule wa silabi zake. Inaporudisha halafu ikaugeuza kidogo, hapo ndipo unaposikia kicheko jukwaani, na mtazamaji wa simu anajiuliza wanacheka nini.

Na yule aliyeandika "kasahau maneno"? Wakati mwingine yuko sahihi. Februari 1960 Ella Fitzgerald alikuwa Berlin, mbele ya umati mkubwa, na Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi na Gus Johnson kwenye drams. Alianza "Mack the Knife", akiwa ametangulia kuwaambia watu anatumaini atayakumbuka maneno yote. Hakuyakumbuka. Wimbo huo, kwa njia, ni wa Wajerumani wenyewe. Ulisikika mara ya kwanza hapohapo Berlin mwaka 1928, kwa hiyo alisahau nyumbani kwa wenyewe. Beti zilipomwishia kichwani alianza kuimba kwamba hajui ubeti unaofuata ni upi, akawataja wenzake waliourekodi kabla yake, akaiga sauti ya kukwaruza ya Armstrong, akakiri kwa wimbo kwamba yeye na vijana wake wanauharibu. Ukumbi ukawaka. Rekodi ya usiku ule ikampatia tuzo ya muziki ya Grammy.

Watu husimulia kisa hicho kumsifu yeye, na anastahili. Mimi naomba uisikilize tena ukiwa umeyaacha maneno, umeishika besi. Ubeti wa wimbo huo una vipimo 16. Wakati Ella anatunga mistari ya kuomba radhi, Middlebrooks na Johnson hawakusita hata pigo moja, hawakumwonea huruma wala hawakumfunika kwa kelele. Kila ubeti ulianza pale ulipopaswa kuanza. Naye, katika kupotea kote kule, hakuwahi kupotea kipimo: mistari yake ya kubuni inaisha panapotakiwa, mingine hata na vina. Alisahau maneno ya wimbo. Wimbo wenyewe hakuusahau.

Hapa kwetu tayari tunafanya

Nimesema jazz haiko mbali sana na sisi. Manju wa ngoma za Unyamwezi na Usukuma hutunga na kuongeza huku akiongoza, na anaweza kuchomeka jina la mgeni aliyefika sasa hivi kwa sababu waitikiaji wameshika kiitikio. Kwenye dansi, wimbo unapofika kwenye chemko, yaani sehemu ya kuchangamka, gitaa la rizimu linarudia kifungu kifupi, besi inakaa, na gitaa la solo linapata uwanja. Mwimbaji naye anaita majina. Bado kuna aliyebaki ili mwingine aende.

Lakini mahali pa karibu kabisa pa kuiona kazi ya msindikizaji ni kwenye mapambio ya Jumapili. Mwongozaji anasimama, hamuulizi mtu ki, anaanza tu, mara nyingi mahali fulani katikati ya ki mbili. Mpiga kinanda aliyekomaa anashusha sauti ya kinanda mpaka karibu isisikike, anagusa sauti moja, anaiacha, anagusa ya jirani, amempata. Anaweka kodi moja. Besi inaingia. Drams inasubiri mpaka mwongozaji amalize mstari, ndipo inaingia na waumini. Asiyekomaa anamtafuta kwa sauti kubwa, anajaribu ki tatu mbele ya kanisa zima, na mwongozaji anaanza kumfuata yeye. Wote mmewahi kuwasikia wote wawili. Baada ya hapo mwongozaji anachomeka maneno mapya kati ya kiitikio na kiitikio, anarudia sehemu moja mara mbili kwa sababu imempendeza, na kinanda kinarudi naye bila kuulizwa. Tofauti na jazz ni kwamba pambio lina kodi chache na mzunguko mfupi, hivyo akiruka sehemu ni rahisi kumdaka. Kwenye vipimo 32, mwimbaji akiruka vinane, aghalabu besi ndiyo inayogundua kwanza, inahamia alipo, na wengine wanaifuata besi. Desturi ni kumfuata mwimbaji hata kama kosa ni lake, kwa kuwa maneno ndiyo msikilizaji anayoyafuatilia.

Limebaki swali moja ambalo vijana wa hapa huniuliza kila tukizungumzia haya: je, mtu anaweza kufanya jazz na biti iliyo kwenye flashi, kama tunavyofanya kwenye harusi? Nusu yake, ndiyo. Biti inashika kasi kuliko mpiga drams yeyote, kwa hiyo unaweza kuchelewa nyuma yake, kuwahi, kuubadilisha wimbo unavyotaka, na kwa mazoezi ya nyumbani ni kitu kizuri sana. Ila zile sekunde saba baada ya "simuoni" zitajibiwa kwa sauti zilezile kila siku, uwe umeimba kwa uchungu au kwa mzaha. Na ukiruka vipimo vinane mbele ya watu, flashi haitahama na wewe. Itabidi uirukie mwenyewe, huku unaimba.